JUMBA LA WEXCOMBE: BIBI HARUSI HAPITI JIKONI

Arlène tulimuacha ndani ya ukuta. Siyo nyuma ya ukuta, jamani, ndani yake, kwenye kile kinjia cha giza walichopitaga watumishi wa zamani. Pumzi kaishika. Na kitasa cha mlango kinazunguka taratibu mbele ya pua yake.

Wengine mlishaanza kumlilia. Futeni machozi, tuendelee.

Mlango ukafunguka. Tochi ya simu ikamchoma machoni.

"Arlène? Unafanya nini humu, we mwendawazimu?"

Hakuwa Gaston! Alikuwa Yves, yule mlinzi Mrundi wa getini, kofia yake ya kazi imekaa upande.

"Zima hiyo tochi. Wameondoka?"

"Akina nani?"

"Tonton Gaston na kiongozi wa wale watu wa nyundo. Walikuwa hapo ukumbini sasa hivi, wananong'ona. Nimesikia kila kitu, Yves. Ngazi kubwa wanaivunja leo. Leo hii, kabla dada Bushra hajafika."

Yves akaizima tochi.

Kama leo ndiyo unaanza kusoma, shika hili moja tu, linatosha. Bushra ni mama wa ofisi ya majumba ya kale. Alishasema kwenye simu: "Nikija Jumamosi mchana nikaikuta ile ngazi ya mbao imesimama, nyumba haivunjwi, na hakuna wa kuwatoa. Nikikuta imevunjwa, sina tena cha kulinda." Na Gaston, tunayemuita tonton, yaani mjomba, anayelisimamia jumba kwa niaba ya kampuni moja ya Randburg, anataka kilima kiwe kitupu ajenge mafleti. Ngazi ikianguka, familia zote zinazoishi humu zinalala nje na cherehani zao.

Ni hivyo tu. Jumamosi yenyewe ndiyo hii.

"Toka kwa njia ya jikoni," Yves akanong'ona. "Nitakufungulia nyuma. Usijiingize, Arlène. Yule mzee hana mchezo."

"Na harusi ya Murielle? Watu wameshakaa kwenye viti!"

"Eish."

"Siyo eish. Wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa geti. Nafungua, nafunga."

Huyu ndiye aliyemnunulia Arlène mandazi wiki nzima!

"Basi baki na geti lako," akasema, akampita kwa bega, akaanza kupanda ngazi nyembamba ya watumishi.

Wakati anapanda, niwaambie hili jumba limetoka wapi, maana yeye analijua na nyie mlijue.

Alilijenga Mwingereza mmoja mwenye migodi ya dhahabu. Alitajirika Johannesburg lakini roho ilibaki kwao. Akataka hapa kwenye kilima cha Kensington kuwe na jumba kama yale ya matajiri wa mashamba ya Uingereza. Mabomba ya moshi marefu. Madirisha ya vioo vidogo vidogo kama biskuti. Ukumbi wenye mbao ukutani mpaka juu, na mbao zenyewe zije na meli, halafu na treni, kama vile huku miti hakuna! Katikati ya ukumbi akaweka ngazi pana, ili mke wake akishuka na gauni lake, kila mgeni anyamaze.

Na ndani ya kuta akaficha nyumba ya pili. Vinjia. Milango isiyoonekana. Ngazi ya giza. Hiyo ilikuwa ya watumishi, chai ifike mezani kana kwamba imejileta yenyewe.

Mawe yalichimbwa hapahapa kilimani. Waliochimba walilala kwenye vibanda vya mabati, na mlango wa mbele hawakuujua kwa ndani.

Bwana mwenyewe akazeeka, akarudi kwao. Jumba likawa shule, likawa bweni, likawa la njiwa. Halafu likawa letu. Watu wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura, mafundi wa nguo na wasusi wanaofanya kazi Yeoville na kulala hapa.

Haya. Arlène kafika juu.

Bibi harusi Murielle alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, mikono kaitanua kama ndege. Chini yake kapiga magoti Mama Léocadie, mama yake Arlène, fundi asiyependa maneno mengi, pini zimejaa mdomoni. Mkia wa gauni ulikuwa mrefu umetoka mpaka nje ya mlango.

"Mama, tuna shida."

"Usiniambie bwana harusi kakimbia," Murielle akasema.

"Bwana harusi yuko chini anatoka jasho. Ni tonton Gaston..."

Hakumaliza. Sauti ya Gaston ilipanda kutoka ukumbini, kwenye maikrofoni ya DJ kabisa.

"Mabwana na mabibi, samahani sana! Humu ndani ni hatari, mbao zimeoza. Harusi inahamia uwanjani. Bibi harusi atashuka kwa ngazi ya nyuma, atatokea jikoni. Merci."

Halafu ikasikika sauti ya Ma Agnès, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye sauti ya kuita teksi upande wa pili wa barabara:

"Atatokea WAPI?"

Huko juu, Mama Léocadie akatema pini mkononi.

"Kwetu anayetokea jikoni siku ya harusi ni kuku," akasema. "Na anatokea ameshapikwa."

Murielle akaanza kulia. Poda yote, jamani!

"Usilie," Arlène akamwambia. Akamshika mabega. Na huyu ni Arlène yuleyule ambaye kanisani akiambiwa asome tangazo anajificha chooni. "Usilie, yaya, dada yangu. Leo unashuka kwa ngazi kubwa. Na unashuka polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kama kwetu. Halafu punguza tena."

Murielle akaacha kulia. Akaangalia dirishani, kule barabara inakopanda, ambako Bushra bado hajaonekana. Akaelewa.

Aliyewahi kualikwa harusi ya Wakongo anajua ninachosema. Bibi harusi wetu hatembei kuingia ukumbini. ANAINGIA. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Kiuno. Simama. Tabasamu. Rudia. Chakula kinapoa, mchungaji anasinzia, watoto wanalala chini ya meza, yeye bado anaingia.

Na mpaka aketi kwenye kiti chake, hakuna anayekatiza mbele yake. Hakuna! Hata baba mkwe. Kumkatia bibi harusi njia ni kuzitangazia familia mbili kwamba unataka ndoa ikatike. Gaston ana gari la Kijerumani na viatu vya kung'aa, lakini kazaliwa Bukavu, na wakwe zake mwenyewe walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Milango ya juu ikafunguliwa yote miwili.

"DJ!" Ma Agnès akapiga kelele. "We mtoto, unangoja barua?"

Muziki ukalipuka.

Wakatoka wasimamizi wawili wawili, vitenge vya bluu. Wakatoka wanakwaya. Akatoka Murielle, mweupe kama moshi, akasimama juu ya ngazi ya yule Mwingereza, na kila mgeni akanyamaza.

Halafu vigelegele!

Hatua mbili mbele. Moja nyuma.

Chini kabisa, Gaston alikuwa amesimama na wanaume wake wa nyundo, mdomo wazi.

"Harakisheni!" akafoka. "Harakisheni, nina kazi hapa!"

"We Gaston!" Ma Agnès akageuka kwenye kiti. "Siku yako wewe uliingia kwa muda gani? Si bukari, ugali mzima, iligeuka jiwe? Tuliivunja kwa kisigino!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mpaka mke wa Gaston akacheka, kajificha na pochi.

Gaston akamgeukia kiongozi wa nyundo, jamaa mmoja Mzulu, kifua kama friji.

"Anzeni. Anzeni hapo chini, na hiyo nguzo."

"Haibo, boss," jamaa akasema. "Ngazi ina bibi harusi."

"Nawalipa!"

"Aketi kwanza. Na mimi nina mama, boss."

Akalaza nyundo yake chini, akatafuta kiti. Mtu akampa Fanta. Wenzake wakamfuata. Gaston akabaki peke yake katikati ya ukumbi wake.

Murielle alikuwa bado hajafika hata kwenye kona. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Nyuma kabisa ya msafara, Arlène kashika mkia wa gauni kwa mikono miwili, anahesabu moyoni siyo hatua, anahesabu magari yanayopita nje. Bushra. Bushra. Njoo basi.

"Yves!" Gaston akaita. "Zima umeme!"

Arlène akainua kichwa.

Yves alikuwa pale kwenye kona ya ukumbi, karibu na boksi la umeme. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu wote wale. Arlène akatikisa kichwa: usifanye. Yves akaangalia chini. Mkono ukapanda.

Tak.

Muziki ukafa. Taa zikafa. Murielle akabaki mguu mmoja hewani.

Yaani Yves! Na mandazi yote yale!

"Bon," Gaston akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Imekwisha. Hakuna muziki, hakuna kuingia. Tokeni."

Viti vikaanza kusogea. Wengine wakashika pochi. Arlène akahisi mkia wa gauni unamteleza mikononi.

Ndipo Mama Léocadie akafungua mdomo.

Yule fundi asiyependa maneno! Alianza chini, kwa sauti nzito, wimbo wa kanisa la kwao wa kupokea wageni. Mstari wa pili wanakwaya wakaudaka. Wa tatu wakaingia wanaume. Makofi. Miguu juu ya mbao za sakafu, dum, dum, jumba zima likawa ngoma. Na wimbo wa kanisa, wasomaji wangu, unatembea polepole kuliko DJ yeyote.

Hatua mbili mbele. Moja nyuma. Sasa na nyingine tena nyuma.

Gaston hakuonekana tena.

Arlène akamtafuta kwa macho. Hayuko ukumbini. Hayuko mlangoni. Nyundo moja pale sakafuni pia haipo. Kapotelea wapi?

KRAAA!

Nyuma yake! Arlène akageuka. Gaston alikuwa juu ya ngazi, anahema, suti imejaa utando wa buibui. Kapita ndani ya ukuta! Yeye aliyetuambia sisi ndiyo watu wa ngazi ya watumishi, kaipanda mwenyewe mbio. Na nguzo ya juu ya ngazi, ile yenye tunda la kuchonga, ilikuwa imepasuka kati.

"Mimi sijakatiza mbele ya bibi harusi," Gaston akasema. "Mimi niko nyuma yake."

Gaston akainua nyundo tena. Kati yake na ngazi palikuwa na mtu mmoja tu.

Arlène akauachia mkia wa gauni. Akapanda hatua tatu. Akakaa chini, palepale nyundo ilipokuwa inaangalia, magoti pamoja, kama mtoto anayesubiri kusukwa.

"Toka hapo," Gaston akasema.

"Hapana."

"Arlène. Mimi ndiye nilikupokea Park Station, una kamasi puani. Mama yako hana hata blanketi. Nani aliwaleta hapa?"

"Wewe, tonton."

"Nani aliwapa chumba?"

"Wewe. Ukatuingiza kwa jikoni. Ukatuonyesha ngazi ya nyuma, ukasema ya mbele siyo ya watu kama nyie. Nimeipita miaka yote, tonton. Naijua kwa giza. Sasa nimechoka nayo."

Wimbo ulikuwa umesimama. Kila mtu anasikia. Arlène akajua kila mtu anasikia, na masikio yakawaka moto, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka bila yeye.

Gaston akacheka kwa puani. "Unalilia ngazi ya Mwingereza? Ya bwana wa migodi? Hii ni historia yao, mtoto. Siyo yako."

"Simlilii yeye. Yeye alipanda, akashuka, akarudi kwao. Waliobeba mawe ya nyumba hii hawakuruhusiwa kukanyaga hapa. Hata siku moja! Leo tunakanyaga sisi, na Murielle anakanyaga na viatu vyeupe, na leo ndiyo wewe unaona mbao zimeoza?"

"Toka!"

"Piga, tonton. Lakini uanze na mguu wangu."

Nyundo ikabaki juu.

"Hiyo nyundo, bwana. Ishushe."

Sauti ngeni, ya Kiingereza. Watu wakageuka. Mlangoni kasimama mwanamke mfupi, mtandio wa kijani kichwani, viatu vya kupandia mlima, kamera shingoni.

Bushra!

Kaiangalia ngazi kuanzia chini mpaka juu, na bibi harusi katikati yake kama mshumaa. Akapiga picha. Akapiga nyingine, ya Gaston na nyundo yake.

"Imesimama," akasema. "Nimeiona imesimama. Kazi yoyote ya kuvunja inasimama kuanzia sasa."

Vigelegele mpaka njiwa wakatoka kwenye paa! Yule jamaa wa nyundo akapiga makofi kuliko wote. Murielle akataka kuruka, akakumbuka gauni.

Lakini Bushra alikuwa bado kainua kidole.

"Ngojeni. Mimi naweza kusimamisha kwa leo tu. Ili ishikilie, nahitaji mlalamikaji. Mtu mmoja anayeishi humu, kwa jina lake kamili, ashuhudie kwamba huyu bwana amevunja. Nani?"

Furaha ikakatika kama umeme.

Watu wakaangalia viatu vyao. Siyo waoga, msiwaseme vibaya. Ila humu ndani wangapi wana karatasi nzima? Mwingine asylum yake, ile karatasi ya ukimbizi, imekwisha, mwingine anapanga foleni mwaka mzima, na jina likishaandikwa mahali, limeandikwa.

Gaston alilijua hilo. Akashusha nyundo taratibu, akatoa leso, akajifuta utando wa buibui.

"Waulize, madame," akasema. "Waulize nani ana karatasi. Huyu hapa mbele yangu hana. Yake ilikwisha. Mimi ndiye nilikuwa nampeleka kuitafuta."

"Arlène," Mama Léocadie akaita kutoka chini, kwa sauti ndogo. "Mwanangu. Nyamaza."

Arlène akasimama. Akashuka ngazi kubwa, katikati kabisa, hakushika hata ukingo. Akampita Murielle kwa pembeni, bila kumkatia njia, kwa heshima. Akafika mbele ya Bushra.

"Andika," akasema. "Arlène Nabintu Chishugi. Naishi hapa. Nimemuona akipiga."

Juu ya ngazi Gaston alikuwa ameshaweka simu sikioni. "Njooni Wexcombe, Kensington. Ndiyo. Yuko mmoja hana karatasi, na anafanya fujo."

"Kimbia," watu wakamwambia Arlène. "Pita jikoni! Haraka!"

"Sipiti jikoni," Arlène akasema. Akarudi, akakaa kwenye hatua ya chini kabisa. "Wakija wanikute hapa."

Murielle akamuangalia. Akakiangalia kile kiti chake cha kifalme chenye maua, bwana harusi wake kasimama pembeni yake na jasho lake. Halafu bibi harusi akashuka hatua zilizobaki, akakusanya gauni lote lile, akakaa pale chini ubavuni kwa Arlène.

"Murielle, kiti kile kule," Ma Agnès akasema.

"Nimekiona. Sijakikalia. Kwa hiyo bado naingia, na atakayekatiza mbele yangu tutajuana."

Ma Agnès akafikiri kidogo. Akavua viatu, akaja kukaa hatua ya pili. Kisha Mama Léocadie. Kisha kwaya. Ngazi ikajaa mpaka kwenye kona.

Nje, honi ikalia. Gari la polisi lilikuwa limefika getini.

Rimoti ya geti ilikuwa mkononi kwa Yves.

"Fungua!" Gaston akapiga kelele.

Yves akaiangalia rimoti. Akamuangalia Arlène, ambaye hakumuangalia. Akatembea mpaka kwenye meza ya chakula, akainua kifuniko cha sufuria kubwa la sombe, kisamvu cha kwetu, na rimoti ikazama humo, na mafuta ya mawese yakamrukia shati.

"Kazi nimeacha," akasema.

Watu wakashangilia! Lakini Gaston alikuwa anashuka kwa ukingoni, anacheka, mkono mfukoni.

"Kijana," akasema, "unafikiri rimoti iko moja?"

Akabonyeza. Geti likaanza kufunguka.

Polisi aliingia peke yake, mwanamke mrefu, mikono kiunoni. Akaliona gauni. Akaliona jeshi zima limekaa kwenye ngazi. Akasimama mbali, hakukatiza.

"Nani kaita?" akauliza. "Na nani ana makosa?"

Gaston akanyoosha kidole kwa Arlène.

Bushra akanyoosha kidole kwa Gaston.

Polisi akaangalia kidole kimoja, akaangalia cha pili. Akapeleka mkono mkandani, akatoa pingu.

Alikuja na pingu jozi moja tu.